Picha ya Chandarua

Juzi nilikwenda kumsalimia jirani yangu aliyelazwa katika hospitali moja ya huku kwetu Rumonge. Vyumba vilikuwa vimejaa, hivyo mama mmoja wa Kigwena alikuwa amelala kwenye korido, juu ya mkeka, na mtoto wake mwenye malaria. Ukutani juu yao ilitundikwa picha mpya: mama na mtoto wamelala ndani ya chandarua cheupe. Picha nzuri, sibishi. Ila waliitundika kwenye msumari mmoja tu uliokuwepo, ule ambao wagonjwa wa korido hufungia vyandarua vyao.

Mbu walipoanza kulia, mama akaishusha picha taratibu, akaipangusa kwa kitenge chake, akaiegemeza ukutani. Kisha akafunga chandarua chake.

Msimamizi wa wodi akatokea. "Mama, nani amekuambia utoshe picha ukutani?"

"Shefu, huyu mutoto wa kwenye picha iko na chandarua yake tayari."

Msimamizi akaitazama picha, akautazama mkeka, akaondoka. Nikadhani ameelewa. Akarudi na nyundo na msumari mpya, akaitundika picha juu, mahali ambapo mkono wa mama yeyote haufiki.

Kumbe misumari ilikuwepo stoo siku zote. Ilikuwa inangoja picha.