Majani ya Kina Kavira

Mtu akifyeka majani karibu nami, hata leo, harufu ile mbichi ikinifikia puani, moyo wangu hununa. Najua wengine harufu hiyo huwatuliza. Mimi hunirudisha Butembo, mashariki ya Kongo, wakati wa vita, nikiwa mtoto, jicho nimelibandika kwenye mwanya wa ua wa kina Kavira, naona wivu.

Mtaa wetu ulikuwa mlimani, nyumba zimebanana bati kwa bati, mbele vumbi jekundu, nyuma mtaro wa maji ya kufulia. Kila kipande cha ardhi kilikuwa kimeshajengewa chumba cha jamaa waliokimbia kutoka vijijini. Ni kina Kavira tu, ambao baba yao aliuza vitenge, waliobaki na kiwanja cha pasipalumu, majani mafupi, mazito, yasiyochoma mguu. Kavira, rika langu, aliyakanyaga kwa viatu. Kwa viatu, jamani!

Basi vita vikamleta Koko, bibi yangu mzaa mama, kutoka kijijini upande wa Kirumba. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Koko alikuja na jembe lake mwenyewe begani. Pa kulima ndipo palipokosekana. Aliketi akiegemea ukuta, miguu juu ya sementi, akaacha hadithi, akaacha kula. Mama alimpikia sombe, majani ya muhogo, akaonja, akarudisha. Mama akawa analia jikoni huku akisingizia moshi.

Asubuhi moja Koko akapotea. Tulimkuta kwa kina Kavira, amevua viatu, amepiga magoti kwenye majani, anang'oa magugu. Kumbe Mama Kavira alikuwa amemwona amesimama langoni akitazama tu, akamwambia, "Ingia, Koko. Hapa njo kwako." Tangu hapo akawa anakwenda kila siku, na jioni alirudi na njaa. Mama alimshukuru Mungu. Mimi nilinuna. Kicheko cha Koko, nilichokingoja kwetu hadi nikachoka, sasa nilikisikia ng'ambo ya ua, anamchekea Kavira. Majani anayo, viatu anavyo, sasa na bibi pia?

Nikatafuta dawa yangu. Kwetu Wanande mpaka wa shamba hauandikwi, hupandwa. Kuna mti mwembamba wenye majani marefu. Ukichomeka tawi lake, linashika mizizi, na hakuna mtu mwenye adabu atakayeling'oa kabla pande zote mbili hazijakaa pamoja. Nilikata tawi njia ya kisimani, nikapenya kwenye ua, nikalichomeka pale pale Koko alipozoea kuketi. Kwa akili yangu, pale pakawa petu, na Koko akawa wetu tena.

Mama Kavira alipoliona, kelele zake zilitoa mtaa mzima nje. Wakati ule wenye bunduki walikuwa wanapokonya watu viwanja, na tawi lile halikuwa mchezo.

"Kumbe munataka kutunyanganya parsele? Miye naingiza mutu kwa roho muzuri, na yeye anatia mupaka?"

Koko hakujua lolote. Aliniona nimesimama langoni na watu, akanitazama mikono, ikiwa bado na udongo, akajua. Alivaa viatu vyake taratibu, akatoka, na lango likafungwa nyuma yake.

Akarudi ukutani. Sahani zikarudi jikoni zimejaa. Sasa alikuwa wangu peke yangu, na hakuwa na hadithi hata moja. Niliogopa kwamba atakufa.

Baada ya siku chache Kavira akaja mlangoni kwetu, peku, uso umevimba kwa kulia. Nilidhani amekuja kunicheka.

"Koko arudie," akasema. "Miye niko na majani tu. Weye uko na koko. Ninakuonaka kila siku, unakula naye, unalala naye. Kwetu hapana koko hata mumoja."

Kumbe ule mwanya wa ua ulikuwa na macho pande zote mbili.

Nyuma yake alisimama mama yake, hasira imemwisha, anaangalia chini. Wakaenda na Koko kuketi kwenye majani, kama desturi inavyotaka, kulizungumzia lile tawi. Mama Kavira alitaka ling'olewe. Koko akaligusa kwa kidole.

"Imeshashika. Tuiache. Itaonyesha kwamba tulisikilizana."

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Koko alimpenda Kavira kuliko mimi. Leo naishi Beni, mtaa wa Beu, uani sementi tupu. Juzijuzi mama yangu, naye sasa mzee, alikimbilia kwangu, akaketi akiegemea ukuta, akarudisha sahani. Nilitazama miguu yake juu ya sementi, nikatoka nje, nikaenda kubisha kwa jirani mwenye majani.

Jirani huyo ana binti mdogo. Jioni namsikia mama akimchekea ng'ambo ya ua, kicheko ambacho mimi sijakipata tangu afike. Siwafichi, naona wivu. Kisha naenda kubandika sufuria, kwa sababu atarudi na njaa.