Mama Alivyomnyima Mbunge Utani

Mbunge wetu simpendi. Nalisema mapema kwa sababu watu wa hapa Mkata wananijua mimi ni mtu wa kucheka, mtu wa kumwonea huruma hata kuku anayekimbizwa kwa ajili ya wageni, na wengi hawaamini kwamba kuna binadamu nisiyempenda. Yupo. Ana suti ya kijivu na sauti nzuri, na sheria yake ndiyo iliyotuondoa barabarani.

Kazi yetu ilikuwa mahindi ya kuchoma. Mama alikuwa na jiko lake la mkaa kando ya barabara kuu, pale mabasi ya Tanga, Moshi na Arusha yanapopunguza mwendo. Mama anachoma, mimi nakimbia. Alikuwa akisikia honi tu anajua ni basi gani, na kama dereva wake ni wa kusimama au ni wa kupita na kutuachia vumbi. Akishajua, anageuza mahindi upesi, anayapaka limau na pilipili, mimi nayapanga kwenye beseni na kwenda nalo mbio, nimelinyanyua mpaka usawa wa dirisha. Mara nyingi hela ya mwisho naipokea basi limeshaanza kuondoka, abiria ananyoosha mkono, na mimi mguu niponye.

Kwa jiko lile mama alinilea tangu baba alipofariki. Kwa jiko lile nilisoma mpaka kidato cha pili, nyumba ikapata bati. Ukiuliza tulikuwa na mali gani, ni pale tu, mahali padogo kama mkeka wa kulalia, na penyewe si petu, ni pa barabara.

Mimi, huku nakimbia, nilikuwa naota. Niliota siku moja patakuwa na mgahawa wa vioo, mabasi yanaingia yenyewe, abiria wanashuka kistaarabu, na mimi nimevaa aproni nyeupe nawaambia karibuni. Nikimwambia mama, ananijibu, "Ota, mwanangu, lakini beseni liweke juu, usimmwagie mtu pilipili."

Mbunge tulianza kumsikia redioni. Alikuwa amesimama bungeni, akishupalia mambo yake matatu: mazingira, afya na usalama wa raia. Mkaa unamaliza misitu. Chakula kinachouzwa kwenye vumbi kinaleta magonjwa. Wauzaji wanaokimbilia mabasi wanakufa. Mwaka haukupita, sheria ikapita, na halmashauri nayo ikaandaa sheria ndogo ya kuitekeleza kwetu: hakuna moto wala biashara ya chakula kwenye hifadhi ya barabara, wote waende soko jipya.

Sitaki kumsingizia. Mama mmoja wa machungwa aliwahi kupigwa na kioo cha pembeni cha basi, akavunjika bega, na mkono ule mpaka leo hauinuki sawasawa. Misitu nayo, ukienda upande wa Kwaluguru unaona visiki tu. Aliyoyasema yalikuwa kweli. Ndiyo maana nilishindwa kulala kwa hasira, maana mtu akisema uongo unajua pa kumshikia. Huyu alisema kweli, halafu akajenga soko nyuma ya ghala la mahindi, mahali ambapo basi haliingii wala halipaoni.

Sasa lazima nieleze jambo la utani, maana ndilo lililoharibu mambo yote.

Baba yangu alikuwa Mzigua wa hapahapa Handeni. Mama ni Mnyamwezi. Babu aliletwa kukata mkonge Ngombezi, kule Korogwe, na mama akazaliwa kwenye nyumba za safu za vibarua wa shamba. Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani kwa miguu, na mama utani wake haukuwa wa kuonja. Kaka yake baba alipolazwa hospitali Korogwe, mama alikwenda kumwona akiwa na kamba, akaanza kumpima urefu pale kitandani. "Tulia, Mzigua, nisije nikachimba fupi." Wodi nzima ilicheka, mgonjwa akacheka mpaka nesi akaja juu. Na Mzigua akifa, ni mama anayeitwa. Anaiga marehemu alivyokuwa akitembea na kugomba, jeneza likitaka kutoka anajilaza mlangoni, halipiti mpaka apewe chochote. Waliofiwa wanacheka na machozi yakiwa usoni. Haruhusiwi mtu kumkasirikia mtani. Hiyo ndiyo kanuni, na kila mtu anaijua.

Mbunge wetu ni Mzigua.

Alikuja kutuelezea sheria yake mwenyewe, pale uwanja wa shule, turubai limefungwa, viti vya plastiki mbele, spika zinapiga kelele. Alianza vizuri. Aliwaamkia wazee, akatuita mama zake na dada zake. Akasema, "Nawapenda, ndiyo maana sitaki nije kuwazika. Nimeleta na mitungi ya gesi, kila mmoja wenu ataondoka na wake." Mitungi ilikuwa imepangwa kwenye pikapu, kila mmoja una karatasi yenye picha yake anatabasamu.

"Mahindi ya kuchoma kwa gesi," mama wa karanga akaninong'oneza. "Si bora unipe pasi niyapige."

Aliuliza nani ana swali. Mama akasimama.

Nilimjua mama yangu. Alfajiri ile hakunywa chai. Alivaa kitenge chake cha msibani na njia nzima hakunisemesha. Lakini alipoinuka tu, kabla hajafungua mdomo, watu wakaanza kucheka. Mzee mmoja wa safu ya mbele akasema, "Haya, Mzigua kapatikana leo." Mbunge naye akatabasamu, akajiweka sawa kitini kama mtu anayesubiri chakula anachokipenda.

"Mheshimiwa," mama akasema, "hiyo sheria imeandikwa na mtu aliyeshiba."

Kicheko.

"Umesema unaogopa tutagongwa na basi. Kule nyuma ya ghala hatutagongwa, kweli. Tutakufa na njaa tukiwa wazima, viungo vyote kamili."

Kicheko tena, watu wanapiga makofi. Mbunge anafuta macho kwa leso.

"Nisikilizeni. Mimi leo sina utani."

Hapo ndipo uwanja ulipoanguka kabisa. "Kasema hana utani," mtu alirudia nyuma, kwa wasiosikia, na kicheko kikaenda mpaka barabarani. Nilimtazama mama. Mdomo ulikuwa unamtetemeka. Aliyekuwa jirani yake angeona, lakini jirani yake alikuwa ameinama anajishika mbavu.

Mama akapaza sauti. "Basi litasimama wapi? Nauliza hilo tu. Umejenga soko, umeweka na choo. Basi litasimama wapi?"

Hilo ndilo lililokuwa swali lenyewe. Mabwana wa halmashauri waliokuwa pale hakuna aliyekuwa ameliuliza. Na mbunge akachukua kipaza sauti, akajibu kama mtani anavyojibiwa.

"Mnyamwezi, wewe baba yako alitembea kwa miguu kutoka Tabora mpaka huku. Leo unanidai basi? Tulimpa mkonge akate, akala mihogo yetu, akagoma kurudi kwao. Na wewe ukatuibia kijana wetu ukamwoa kwa nguvu." Watu hoi. "Mpeni mtani wangu soda baridi, na mtungi wake uwe wa kwanza, maana huyu asipopewa atanilalia mlangoni."

Soda ililetwa kweli. Mama aliipokea, akaiweka juu ya kiti bila kuifungua, akatoka. Watu wakadhani na hiyo ni sehemu ya mchezo. Kijana mwenye kamera akaipiga picha soda ile, na redio jioni ikasema wananchi wa Mkata wamepokea sheria kwa furaha, wametaniana na mbunge wao.

Mama wa karanga alikuja nyumbani baadaye, bado anacheka. "Leo umemkomesha."

"Nimemkomesha wapi?" mama akamwambia. "Nimelia mbele za watu, mkanishangilia."

Yule mama akaacha kucheka. Alikaa kidogo, akaaga.

Tulihama. Walikuja mgambo na gari, wakazima majiko kwa ndoo za maji, na harufu ya mkaa uliolowa ilikaa kwenye nguo zangu hata baada ya kufua. Kule sokoni kuna meza za saruji, bomba la maji na choo kisafi, sikatai. Tukisikia honi kwa mbali mama anageuza uso, anataja jina la basi kwa sauti ndogo, basi linapita. Gesi ya mtungi ilipokwisha hatukuijaza. Siku hizi tunachemsha mahindi, kwa kuni za kuokota, nazo zimekatazwa sokoni, na kila tukiona vazi la mgambo tunaficha moto. Mama anasema mahindi ya kuchemsha ni chakula cha wagonjwa. Wanunuzi wetu ni wapakiaji wa ghala na sisi wenyewe tunaouziana.

Nami niliendelea kuota, ndivyo nilivyo. Niliota mbunge atapita siku moja, atakula hindi moja, ataona. Nilimweleza mama. Hakunikaripia. Aliniangalia tu kama mtu anayemwangalia mtoto mwenye homa.

Kisha mama yake mbunge akafariki.

Alikuwa bibi wa Kwaluguru, mkulima, mtu asiyetaka makuu. Mwanawe alimjengea nyumba ya vigae naye akaendelea kupikia kibanda cha nje. Mama alimpenda sana. Walikuwa wakikutana gulioni wanatukanana mpaka wauza dagaa wanaacha kazi. Nikadhani mama hataenda msibani. Akaniambia, "Nisiende kwa nini? Aliyekufa hakunikosea."

Tulikuta magari mengi, watu wakubwa, viti vya kukodi. Wanawake walipomwona mama wakafarijika. Mmoja akamsogezea nafasi karibu na mlango kabisa, mahali pa mtani, akasema, "Afadhali umefika, hapa ndani tumezidiwa na huzuni." Mama akashukuru, akakaa, akafunga kanga yake kichwani, akaweka mikono mapajani.

Hakusema kitu. Walizungumza habari za marehemu, za mbuzi wake, za jinsi alivyokuwa akigomba huku kashika kiuno, na kila wakifika mahali pa kuchekesha walimtazama mama. Mama anatazama mkeka. Mimi mwenyewe nilitaka kusimama niseme lolote, nimwige bibi japo kidogo, watu wapumue. Lakini kwa baba mimi ni Mzigua, mfiwa kama wao. Haikuwa zamu yangu.

Wanaume wakaleta jeneza mlangoni. Wakasimama. Hakuna aliyewaambia wasimame. Walizoea tu kwamba hapo pana mtu wa kujilaza, na mbunge, aliyekuwa ameshika mbele, alishatia mkono mmoja mfukoni. Tukasubiri. Kuku alipita uani nikasikia kucha zake. Mama hakuinua uso. Mwishowe shehe akasema twendeni, na jeneza likatoka mlangoni bila kuzuiwa na mtu, kama kabati linalohamishwa.

Nilimwona mbunge akiutoa mkono mfukoni mtupu. Simpendi, nimeshasema. Lakini pale nilimwonea huruma.

Baada ya maziko alikuja mwenyewe uani, macho mekundu, akachuchumaa mbele ya mama.

"Mtani. Mama yangu umemwacha apite hivihivi?"

"Shikamoo, mheshimiwa," mama akasema. "Pole kwa msiba."

Sijawahi kumsikia mama akimwamkia Mzigua shikamoo. Hata babu wa upande wa baba alikuwa akimwamkia kwa matusi. Wanawake waliokuwa karibu wakaacha kuosha vyombo.

"Usinifanyie hivyo," mbunge akasema. "Nitukane."

"Nilikutukana uwanjani, ukacheka. Nikakwambia sina utani, ukaniletea soda. Sasa leo ndiyo sina."

Nadhani mbunge alikuwa akirudi kichwani mwake pale uwanjani, akiyasikia maneno yale upya, safari hii bila kicheko. Alipozungumza sauti yake haikuwa ile ya redioni.

"Uliniuliza basi litasimama wapi."

"Nilikuuliza."

"Nitakuja sokoni. Nitakuja nikae nione."

"Njoo, mheshimiwa," mama akasema. "Utakaa meza yoyote. Nafasi ipo."

Hajaja bado. Labda atakuja, mimi nasema atakuja, mama hasemi.

Ila jioni ile tuliporudi nyumbani, mama alifunga mlango, akavua viatu, akashika kiuno kwa mkono mmoja, akaanza kutembea chumbani kwa hatua za bibi wa Kwaluguru, anagomba mbuzi wasiokuwepo, anakataa nyumba ya vigae, anamwambia mwanawe mheshimiwa akaoge. Alimpata sawasawa, hata kikohozi. Nilicheka nikakaa chini. Kisha akajilaza kwenye kizingiti cha mlango wetu, kanga juu ya uso, akasema hapiti mtu hapa, na chini ya kanga nikasikia analia.

Nikaketi karibu yake, sikumwomba anyanyuke.