Kiwanja cha Ami Karibu na Sabaki

Niliporudi Malindi, baada ya miaka mingi ya kupima maji ya bahari ya kusini kabisa mwa dunia, kule kwenye barafu, ami yangu alikuwa akiuza kiwanja chake cha ufukweni, karibu na mto Sabaki. Mnunuzi mmoja aliyekuja kukiona aliniuliza kazi yangu, nikamweleza. Nikaongeza kwamba barafu ile inayeyuka na bahari itafika hapo tuliposimama. Aliaga, akaenda zake.

"Ulikwenda kusoma ili uje univunjie riziki?" ami alifoka.

"Ami, nimesema kweli."

"Basi irudishe huko huko kwenye barafu! Kwangu usikanyage tena."

Siku ya Idi nilimpa shikamoo njiani, akageuza uso. Kiwanja alimuuzia mtu mwingine, na nyumba imeshasimama. Mpaka leo hatusemezani.