Pikipiki Niliyoiona kwenye Ramani

Nimekosa, na wa kulaumiwa ni mimi mwenyewe. Mimi si msemaji, niliishia darasa la saba, na haya nimeyaandika kwa siku tatu.

Ninaendesha bodaboda Bukoba. Abiria wanatuita kupitia programu ya kampuni ambayo ofisi yake hatujawahi kuiona. Mwenzetu Deo, kijana wa Ijumbi, aligongwa akiwa amebeba abiria wao, akavunjika mguu. Kampuni ikamjibu kwa ujumbe: wewe si mfanyakazi wetu. Kisha ikamfungia akaunti!

Tukakubaliana kijiweni Miembeni: Jumatatu sote tuzime programu mpaka wakubali kumtibu Deo. Niliitikia, lakini moyoni sikumwamini mtu. Hasa Mutalemwa, jirani yangu wa Nyanga. Anacheka sana yule. Nikajiambia, huyu atatuzunguka.

Jumatatu asubuhi nikaazima simu ya dada yangu, nikajifanya abiria. Ramani ikaonyesha pikipiki moja tu, hapa hapa Nyanga, karibu na kwetu!

"Si nilijua! Mutalemwa huyo!"

"Umemwona kwa macho?" dada akauliza.

Nikashika simu yangu, nikakuta abiria tayari ananiita. Kwa hasira hata sikujiuliza kwa nini. Nikampakia. Kisha wa pili, kisha wa tatu.

Wenzangu wakaniona sokoni. Mmoja akapaza sauti, "Waitu, ndugu zetu, mpisheni bosi!" Nikawaambia Mutalemwa ndiye aliyeanza.

"Mutalemwa yuko Ijumbi tangu jana," akasema mwenyekiti wetu. "Amempelekea Deo ndizi. Hebu, wewe ulizimaje programu?"

Nikamwonyesha: nilibonyeza kitufe cha pembeni, kioo kikawa cheusi, nikaridhika. Jamani! Programu ilikuwa wazi tangu alfajiri, kioo tu ndicho nilichokizima. Ile pikipiki ilikuwa yangu!

Kufikia mchana wengine nao waliwasha, mmoja mmoja, kila mtu akimchungulia mwenzake. Kampuni haikujibu kitu. Mguu wa Deo umeunga vibaya, pikipiki hawezi tena. Mutalemwa bado ananisalimia, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Ninyi mnaofanya kazi hizi za simu, mkikubaliana jambo na ukamshuku mwenzako, usiulize ramani. Nenda mlangoni kwake. Kwa Mutalemwa ni kuvuka migomba tu. Mkewe angeniambia hayupo, na alikokwenda.

Sikwenda.