Macho ya Darasa la Sita, Moyo wa Darasa la Pili

Umeniuliza juu ya mwanao, mwanangu. Naikumbuka Jumamosi moja kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu, na laiti ingewezekana ningeifuta. Tulikuwa tumepanga mtaa wa Kipawa, karibu na uwanja wa ndege. Nilikuwa karani wa stoo, kijana wa miaka thelathini na kitu, kidato cha nne kichwani na majivuno kifuani. Binti yangu Neema alikuwa darasa la pili, lakini akisoma kama mtoto wa darasa la sita. Kila kilichoandikwa alikisoma: mifuko ya sukari dukani, kalenda za majirani, hata karatasi iliyofungia karanga.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mie nilisifiwa, nikamchukua mtoto mpaka kijiwe cha kahawa awasomee wanaume gazeti. Mama yake alinikataza. Sikumsikia.

"Baba Neema," mmoja akasema, "huyu umemzaa au umemnunua pamoja na kamusi?"

Wakacheka. Nami nikavimba kichwa.

"Haya mama, tusomee hii hapa ya mbele."

Ilikuwa habari ya mwanamume aliyemchoma mkewe kisu kwa wivu, watoto wakiona. Neema aliisoma yote bila kukwama, hata kwenye maneno "marehemu" na "mtuhumiwa". Wakapiga makofi. Mtu akamnyooshea kashata. Hakuipokea. Akanigeukia.

"Baba, na wewe siku ukigombana na mama utamchoma kisu?"

Muuza kahawa akainama kuchochea makaa ambayo yalikuwa yanawaka vizuri tu. Na mie, mwanangu, badala ya kumwambia Neema "hapana, kamwe", nilicheka. Nikamwambia aache maswali ya kitoto. Gazeti lilikuwa kosa, lakini kicheko kile ndicho kinachoniuma mpaka leo.

Neema akaacha kusoma. Shuleni mwalimu wake akatuita, akasema mtoto anakokoteza herufi kama ndiyo kwanza anaanza. Nyumbani, siku moja mimi na mama yake tulipandishiana sauti juu ya jambo dogo, la chumvi nadhani, na kesho yake kisu cha jikoni hakikuonekana. Tulikikuta chini ya gunia la mkaa.

Niliogopa, nikakimbilia upande wa pili. Nikamnunulia vijitabu vya darasa lake, picha ya kuku na neno moja chini yake. Akakifungua kimoja, akakifunga.

"Hiki nilikisoma chekechea, baba."

Mke wangu ndiye aliyenituma kwa Mwalimu Foibe, mama mstaafu wa mtaa wa nyuma yetu. Kuuliza si ujinga, ila mie nilienda miguu mizito.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa." Akanisikiliza mpaka mwisho, akichambua mchele. "Sasa Baba Neema, mtoto wako angekuwa mrefu kuliko wenzake, ungempeleka akabebe magunia sokoni Tandale?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Mifupa haijakomaa."

"Ehee. Basi na huyu, macho yake yako darasa la sita, moyo wake bado uko darasa la pili. Kitabu lazima kivitoshe vyote viwili."

"Nitakijuaje kitabu hicho, mwalimu?"

"Kwa kukisoma wewe kwanza! Au kidato cha nne kiliisha siku ulipochukua cheti? Na umuulize mwenyewe anataka kujua nini. Hujawahi kumuuliza, sivyo?"

Kweli, sikuwahi. Nikamuuliza, na siku ya nne yake ndege ikapita juu ya bati letu kama kawaida, Neema akasema, "Mbona ndege za watu hazipigi mabawa?"

Jumapili nikaenda kwa wauza vitabu vya mitumba. Nilichuchumaa penye turubai lao nikisoma kitabu kimoja baada ya kingine, mpaka muuzaji akaniuliza, "Braza, unanunua au una mtihani kesho?" Nikakipata kimoja kinene, cha ndege na upepo na watu waliojaribu kuruka. Kilikuwa na sura ndefu na maneno magumu, lakini hakikuwa na neno la kumtia hofu mtoto wa miaka minane. Nikakiweka kitandani kwake bila kusema kitu.

Alikisoma kimyakimya, uso umeelekea ukutani. Alipokimaliza akaomba kingine.

Kwa hiyo alirudi kwenye vitabu. Kwangu hakurudi sawasawa. Leo ni mama wa watoto wawili, ananipenda, ananitunza, macho yangu yameingia ukungu na yeye ndiye anayeninunulia gazeti. Lakini hanisomei. Hulipitia peke yake, akanieleza kwa ufupi yaliyomo, kisha akalikunja. Sijawahi kumlaumu. Majuto ni mjukuu, nami mjukuu huyo nimekwisha kumpakata.

Basi wewe uliyeniuliza habari za mwanao anayemaliza vitabu vya kaka zake, sikiliza. Usimfanye ngoma ya kuwachezea wageni. Usimrudishe kwenye picha za kuku kwa kuwa darasa lake liko hapo, wala usimwachie kila kilichoandikwa, liwe gazeti au simu yako, kwa kuwa tu anaweza kukisoma. Muulize anachotaka kujua, ukakitafute, ukisome wewe kwanza. Na siku atakapoinua kichwa kutoka kwenye ukurasa akakuuliza jambo zito, weka kikombe chini umjibu, hata kama watu wanakutazama.

Mungu akujalie subira ya kumtangulia ukurasa mmoja. Amkuze mwanao akili na moyo kwa pamoja, na akufikishe uzeeni ukiwa bado unasomewa naye kwa sauti. Amina.