Ua Lile Lile Mpaka Chooni

Sisi tuliokulia nyumba za udongo kule Kinole, milimani Uluguru, tulipokuwa wadogo hatukuhitaji kibatari kujua tumeingia chumba gani. Mguu ulitwambia. Mama yetu, Bi Mwanaidi binti Mkude, Mungu amrehemu, alikuwa na nyumba ya vyumba vitatu na jiko la nje, na kila mahali pana sakafu yake. Ukumbini tulisiriba udongo mwekundu, tukausugua kwa jiwe la mtoni mpaka ukang'aa. Jikoni udongo ulichanganywa na majivu, ukikanyaga unahisi kitu laini kama unga wa muhogo. Chumba chetu watoto tulikisiriba wenyewe, mimi na rafiki zangu Tatu wa Mzee Pazi na Zuhura Mloka, kwa hiyo kilikuwa na mabonde na vilima kama Uluguru yenyewe. Na chumbani kwa Mama ulipakwa udongo mweupe wa kijitoni. Ubaridi wake ulikuwa unaingia unyayoni unapanda mpaka magotini. Hata uwe na homa, ukisimama pale unaona nafuu.

"Futa mguu!" Mama alikuwa akipaza sauti hata akiwa huko nje anaanika mdalasini. "Ulikotoka siko unakoingia!" Alijuaje kwamba hujafuta, mpaka leo sijui.

Humo ndimo ulimotoka mchezo wetu. Unafungwa kitambaa machoni, unazungushwa mpaka unayumba, kisha unashikwa mkono unaingizwa ndani. Wenzio wanauliza kwa pamoja, "Uko wapi?" Unausikiliza mguu, halafu unajibu. Tatu hakukosea hata siku moja. Zuhura alikosea alipokuwa na funza tu. Lakini mdogo wangu Kibwana, jamani, yule alikuwa msiba. Umweke ukumbini, "Jikoni!" Umweke kwa Mama, "Jikoni!" Umweke jikoni kwenyewe, atasita, atajikuna kichwa, kisha aseme, "Kwa Mama." Tulicheka mpaka tukakaa chini. Yeye hakucheka. Sasa nikifikiri, naona ndiyo maana alipokuja kupata hela alihakikisha hakuna mtu mwingine atakayeshinda.

Maana hela alizipata. Ilipofika ile miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, maduka tuliyozoea kupanga foleni ya sabuni yakajaa vitu mpaka mlangoni, na watu tuliokuwa tumetosheka na kanga mbili tukagundua kwamba kumbe tulikuwa na shida nyingi. Kibwana alianza na mitumba pale mjini, Mwembesongo, akaingia kwenye vifaa vya ujenzi, akapata tumbo na saa ya dhahabu. Siku moja akarudi kutoka Dar es Salaam na lori la marumaru, tailizi kama wanavyosema vijana. Rangi ya maziwa, katikati ua la kahawia. Zote za aina moja, kwa kuwa alizikuta zinauzwa kwa jumla, na neno "jumla" lilimlevya Kibwana kuliko pombe inavyowalevya wengine.

Fundi wa nyumba aliyokuwa akiijenga pale pale Mwembesongo, Dismasi, kijana wa Songea, alimuuliza kwa adabu: "Bosi, chooni si tungeweka nyingine?"

"Hapa pana nyumba ngapi?"

"Moja, bosi."

"Basi na marumaru moja!"

Wakaanza. Baraza, sebule, ukumbi, vyumba, jiko, bafu, choo. Ukutani ikapanda mpaka kiunoni. Vizingiti vikang'olewa ili ua lisikatike. Zilizobaki zikapelekwa banda la kuku, na jogoo wake akawa akikaza miguu awike, anateleza mpaka ukutani kabla hajamaliza. Dismasi alitaka kuweka hata kwenye kaburi la paka, wifi yangu Salama, mke wa Kibwana, akamkataza.

Siku ya dua ya kuingia nyumba ndipo tulipoona mambo. Kwetu mtu anavua viatu sakafu inapobadilika, ni desturi, haambiwi mtu. Sasa hapa sakafu ilianzia getini na haikubadilika mahali popote. Wenye heshima wakavua getini, wakarudi makwao pekupeku. Wasio na haya wakaingia na viatu mpaka kwenye mkeka wa chakula. Kandambili za chooni, ambazo kila nyumba zinakaa mlangoni pa choo na zinajua kazi yake, tulizikuta sebuleni zimekaa na wageni.

Mzee Pazi, babake Tatu, alitoka kujisaidia, akaketi mkekani. Sinia la pilau lilipowekwa, akalitazama lile ua lililochungulia pembeni mwa mkeka.

"Kibwana mwanangu," akasema taratibu, "huyu mwenzetu nimemkanyaga sasa hivi kule chooni."

"Siyo hilo, mzee! Hilo ni jingine!"

"Basi ni ndugu yake. Wamefanana mno." Akasogeza sinia. Na wengine wakaanza kuangalia chini, mmoja baada ya mmoja, na pilau ya mbuzi wawili ikalala.

Haya yote tungeyacheka yakaisha, lakini Kibwana alikuwa amejenga nyumba ile kwa ajili ya Mama. Hilo lazima niliseme. Mama alikuwa ameshapoteza macho kwa mtoto wa jicho, na Kibwana alitaka mamake azeeke mjini, karibu na sisi, karibu na hospitali, asipande tena mlima. Akamfuata Kinole, akamshusha kama bibi harusi.

Kule Kinole Mama hakuwa kipofu, nawaambieni. Alikuwa haoni tu. Alitoka chumbani, akapita ukumbini, akaenda jikoni akapika, kwa mguu wake mwenyewe. Pale Mwembesongo ndipo alipopofuka. Mguu haukumwambia kitu. Akipapasa ukuta, marumaru. Akinusa, wifi Salama alikuwa anapiga deki nyumba nzima kwa dawa ile ile ya harufu ya ndimu. Mwanamke aliyekuwa anatupigia kelele kutoka shambani akawa anakaa kwenye ukingo wa kitanda, anaita kwa sauti ndogo, "Salama? Hapa ni wapi?" Nikaja kugundua ameacha kunywa maji, ili asihitaji kutoka.

Siku moja adhuhuri hakutaka kumsumbua mtu. Akatawadha kwa birika lake, akachukua mswala, akapapasa ukuta kurudi chumbani kwake. Akatandika. Wifi Salama alipopita akamkuta amesujudu chooni.

Mama alipoambiwa hakulia. Aliukunja mswala, akaushika kifuani. "Nirudisheni Kinole," akasema. "Leo."

Kibwana alikuja mbio kutoka dukani. "Mama, tatizo nini? Marumaru hizi hata wakubwa wa mkoa hawana!"

"Basi wapelekee."

"Mama, huko juu utaishi na nani? Ukiugua usiku nani akushushe?"

"Nitakufa ninapopajua."

Kibwana akanigeukia mimi. "Dada, mwambie basi."

Mimi darasa la pili sikulimaliza, maneno ya kumshinda mfanyabiashara sina. Nikavua mtandio wangu. "Geuka," nikamwambia.

"Dada, mimi mtu mzima."

"Geuka, Kibwana."

Nikamfunga macho. Nikamzungusha, tumbo na saa na vyote, mbele ya mkewe na watoto wake na Dismasi aliyekuwa amekuja kudai simenti. Nikamshika mkono nikampitisha huku, nikamrudisha kule, nikamsimamisha. Mama tulikuja naye, kanishika bega.

"Uko wapi?"

Akasita. Akasugua unyayo chini, hivi, kama zamani. Nyumba yake mwenyewe, aliyoilipia mpaka msumari.

"Jikoni," akasema.

Alikuwa mbele ya tundu la choo, kwa kiasi cha hatua moja. Mama ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akashika ukuta, akacheka mpaka machozi yakatoka kwenye yale macho yasiyoona. "Huyu ni Kibwana wangu," akasema, "hakubadilika hata kidogo." Tulikuwa hatujamsikia akicheka tangu ashuke mlimani.

Kibwana akakivua kitambaa, akaangalia alipo. Alitoka nje, tukamsikia anamwambia Dismasi, "Njoo na nyundo kesho. Chumba cha mama, toa zote."

"Zote, bosi? Hizi hazitoki nzima."

"Zivunjike."

Mimi nikapanda Kinole na lori la kuchukua ndizi, nikateremka na magunia ya udongo mweupe wa kijitoni. Tatu na Zuhura, wajukuu wanne wanne kila mmoja, wakaja tukapiga magoti tukasiriba kama wasichana. Watoto wa Kibwana walisimama mlangoni wamefunga pua, wanashangaa shangazi anapaka matope kwenye nyumba ya tajiri. Udongo ulipokauka tukamwita Mama. Akaja anapapasa, ua, ua, ua, kisha mguu wake ukagusa ule ubaridi. Akasimama.

"Nimefika," akasema. Na mambo ya Kinole hayakuzungumzwa tena. Alizeekea mle, akafia mle, anatupigia kelele tufute miguu.

Siku hizi mjukuu wangu Nasra, anasoma Kilakala, ananionyesha kwenye simu nyumba za watu. Jiwe moja kubwa linang'aa kutoka getini mpaka chini ya kitanda, rangi ya kijivu. Ua nalo wameliondoa. "Bibi, ikiwa moja hivi, nyumba inaonekana kubwa," ananieleza. Kweli ni kubwa, mtu anaweza kupotea humo akiwa na macho yote mawili. Watoto wetu wanavua viatu popote, wanakula wakitembea, na mguu haujui lolote, unabebwa tu. Watoto wa Kibwana nao walikwisharudia nyumba yote, wakaweka hizo za kijivu. Chumba cha Mama baba yao amekikatalia.

Amezeeka sasa Kibwana, tumbo limekwenda, na mtoto wa jicho amemshika naye. Amehamia mle. Kila mwaka kabla ya masika naenda na ndoo yangu ya udongo mweupe, napiga magoti peke yangu, maana Tatu na Zuhura wametangulia, na hawa wasichana wana kucha ndefu kuliko miiko. Nasra anashika simu ananipiga picha. Sijui nikishindwa mimi nani atapaka.

Juzi nilipomaliza na udongo ukakauka, nilikaa nimeegemea ukuta, nikamsikia Kibwana anakuja na fimbo yake kwenye ukumbi wa kijivu. Alivua kandambili mlangoni. Akatanguliza mguu.

"Uko wapi?" nikamuuliza.

Akasugua unyayo.

"Kwa Mama," akasema. Tangu tuzaliwe, ndiyo mara yake ya kwanza kushinda.