Mwanasheria Aliyerudi Segese

Mwanasheria wa Segese haupi mlango mgongo. Hata kwa mama ntilie husubiri kiti cha ukutani kiachwe, ndipo akae, avute mikono ya shati ifunike ngozi yake nyeupe iliyobabuka kwa jua, aagize chai kwa sauti ya chini kama anayebembeleza mtoto alale. Alipopata ufadhili wa kwenda Uswisi kusomea haki za binadamu na za makundi madogo, alisimama mbele ya wanafunzi wa nchi nyingi akawaambia kwamba mtoto mwenye ualbino kama yeye ana haki ya kukulia kwao, si kufichwa bwenini asije akauawa kwa ajili ya viungo vyake. Walimpigia makofi, naye aliyaamini maneno yake.

Juzi Mama Kulwa alimletea watoto wake mapacha, Kulwa mweusi na Doto mweupe.

"Kule machimboni kuna wanaume wageni wanaulizia nyumba yenye mtoto mweupe," alisema. "Wewe umesoma Ulaya, dada. Tufanyeje?"

Mwanasheria alimpaka Doto mafuta ya jua masikioni, taratibu, huku akitafuta jibu lingine.

"Mpeleke bwenini," alisema. "Leo hii."

"Na Kulwa?"

"Kulwa abaki na wewe."

Watoto walisikia, wakashikana mikono wakagoma kuachana. Mama yao alijaribu, akashindwa, akaketi chini akilia. Ikabidi mwanasheria apige magoti mwenyewe, avifungue vidole vyao kimoja kimoja.